Antivairasi Ilikataa, Ikazimwa: Kisa cha Steshenari Moja Mjini Morogoro

Mwaka 2021, steshenari moja iliyo karibu na chuo mjini Morogoro ilipoteza kazi za usanifu za miaka kadhaa katika jioni moja. Mwenye duka, mama mmoja mchapakazi ambaye hajawahi kujidai kuwa mtaalamu wa kompyuta, alikuwa na swali moja tu aliponiita: anunue antivairasi ipi ili jambo hilo lisijirudie? Fundi wake, aliyefika kabla yangu, alikuwa amekwisha kumpa jibu la kinyume kabisa. "Mama, usipoteze hela yako," alimwambia, "hizo antivairasi zinaifanya mashine iwe nzito bure, kinachotakiwa ni umakini tu." Majibu hayo mawili, nunua au kuwa makini, ndiyo yanayogongana kila linapozuka suala la virusi, na kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu duka hili lilikuwa na vyote viwili: antivairasi iliyokuwa hai, na kijana makini kuliko wengi wanaokaa nyuma ya kaunta za aina hiyo. Alama zote zinazoweza kulitambulisha duka nimeziacha.

Kompyuta zilikuwa mbili. Ya mbele ilitumika kuchapa, kuprinti, kuskani na kujaza maombi ya wateja mtandaoni, na ya nyuma ilikuwa ya usanifu, yaani kadi za harusi, mabango, vitambulisho na maandishi ya fulana, kazi ambazo karibu zote zilifanywa kwa CorelDRAW. Zote mbili zilikuwa na Windows 10, na kwa hiyo zote mbili zilikuwa na Microsoft Defender, ambayo huja ndani ya Windows bila malipo ya ziada. Mwenye duka hakujua kwamba ana antivairasi. Kwake yeye antivairasi ilikuwa ni kitu cha kununuliwa dukani kikiwa kwenye boksi, na kwa kuwa hakuwahi kununua boksi lolote, aliamini kwamba kompyuta zake zilikuwa uchi. Pembeni ya kompyuta ya nyuma kulikuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu, ambayo ilichomekwa siku iliyonunuliwa na haikuchomolewa tena, kwa sababu kila mtu aliona ni usumbufu kuichomeka na kuichomoa kila jioni.

Kijana aliyeajiriwa hapo aliwajua virusi wa flashi kama mganga anavyojua magonjwa ya kijijini kwake. Mteja akileta flashi ambayo folda zake zimegeuka kuwa njia za mkato, yeye hakubofya kitu. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika kwa kichwa "attrib -h -r -s /s /d" na herufi ya flashi, na mafolda ya kweli yaliyokuwa yamefichwa yakarudi kuonekana, kisha akafuta zile njia za mkato pamoja na hati, yaani faili dogo la amri, iliyokuwa imejificha kati yake. Virusi wa namna hiyo hufanya kazi kwa ujanja mdogo tu: huyapa mafolda sifa ya kufichwa, huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, na mtu anapobofya, folda hufunguka kama kawaida huku hati ya virusi nayo ikiamshwa nyuma ya pazia. Kijana alilielewa hilo vizuri, na aliwaonya wateja wasichomeke flashi hovyo. Kwa kipimo chochote cha haki, huyu alikuwa na mazoea salama.

Jioni ya tukio, mteja alileta bango la sherehe lililosanifiwa mahali pengine, akitaka libadilishwe jina na tarehe na kuprintiwa kesho yake asubuhi. Faili lilikataa kufunguka. Kila anayefanya kazi hii anajua sababu: CorelDRAW ya zamani haiwezi kusoma faili lililohifadhiwa katika toleo jipya zaidi, na toleo la dukani lilikuwa la zamani. Mteja alikuwa amekwisha kulipa kianzio na kuondoka. Kijana akaingia mtandaoni kutafuta toleo jipya lenye kraki, yaani lililovunjwa kufuli ili litumike bila kulipiwa, jambo ambalo alikuwa amewahi kulifanya kwa programu nyingine bila madhara aliyoyaona, na akapata faili la zipu lililofungwa kwa nywila fupi iliyoandikwa palepale kwenye ukurasa. Nywila hiyo ilikuwa na kazi yake. Antivairasi haiwezi kuchungulia ndani ya zipu iliyofungwa kwa nywila, hivyo mzigo ulipita hadi kwenye mashine bila kukaguliwa.

Ukaguzi ulifanyika pale alipoifungua zipu. Defender ililiona faili la usakinishaji, ikaliondoa na kulitenga, na ikatoa onyo kwenye kona ya skrini. Hapa ndipo kisa kizima kilipo. Maelekezo yaliyoambatana na zipu yalikuwa yamekwisha kumwandaa kijana kwa onyo hilo, kwa kuwa yaliandika kwamba antivairasi "itadanganya" kwamba kuna virusi, kwamba hiyo ni kawaida kwa kraki zote, na kwamba lazima izimwe kabla ya kusakinisha. Aliingia kwenye mipangilio, akazima ulinzi wa wakati wote, akafungua zipu upya, na Windows ilipouliza kama anairuhusu programu hiyo ifanye mabadiliko kwenye kompyuta, alibofya "Ndiyo." Kukatokea dirisha lililofanana na la Windows inayojisasisha. Akaliacha liendelee, akaenda kuhudumia wateja wa mbele.

Aliporudi, kila faili la usanifu lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na ndani ya kila folda kulikuwa na faili jipya liitwalo _readme.txt. Lilidai dola 980 ili mafaili yafunguliwe, au dola 490 kama mhusika angewasiliana nao ndani ya saa 72, na likajitolea kufungua faili moja bure kama uthibitisho. Diski ya nje ya nakala rudufu ilikuwa na herufi zilezile nne. Ilikuwa imechomekwa, na virusi hawabagui kati ya diski ya ndani na ya nje.

Maneno hayo, bei hiyo na jina hilo la faili ni alama za ukoo unaojulikana kama STOP, au Djvu, uliosambaa duniani kuanzia mwaka 2018 na ambao kwa miaka kadhaa uliwaumiza watu binafsi na biashara ndogo zaidi ya koo nyingine zote za virusi vya kudai fidia. Habari kuu za magazeti huwa ni za hospitali na makampuni, lakini ukoo huu haukuwatafuta wakubwa. Ulimtafuta hasa mtu anayetafuta kraki, na njia yake kuu ya kuenea ilikuwa ni vifurushi vya namna hii hii. Lile dirisha la kujisasisha lilikuwa igizo la kumtuliza mtumiaji wakati mafaili yake yakifungwa kwa msimbo, na nakala za siri ambazo Windows hujitunzia kwa ajili ya kurejesha mafaili zilifutwa katika kazi hiyohiyo.

Je, mafaili yangeweza kufunguliwa bila kulipa? Kwa waathirika wa awali, ndiyo. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana inayofungua aina 148 za ukoo huu. Lakini kuanzia Agosti 2019 wahalifu walikuwa wamebadilisha namna ya kutengeneza funguo, na kwa aina mpya kila kitu kinategemea kama virusi waliweza kuwasiliana na seva yao wakati wa shambulio. Wakishindwa kuwasiliana, hutumia ufunguo wa akiba ambao ni uleule kwa waathirika wengi, na ufunguo huo ukishapatikana kwa mmoja huwafaa wengine. Wakiweza, kila mwathirika hupewa ufunguo wake peke yake, na hakuna wa kuukisia. Utambulisho ulioandikwa ndani ya _readme.txt hutoa jibu, kwa sababu ule wa ufunguo wa akiba huishia na herufi t1. Wa duka hili haukuishia hivyo. Bando lilikuwa limejaa jioni hiyo, na kwa mara moja katika maisha ya biashara hiyo ingekuwa heri likatike katikati.

Kilichookolewa kilitoka kwenye vyanzo viwili visivyotarajiwa. Ukoo huu, ili ufanye kazi haraka, hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo baadhi ya video ndefu za sherehe ziliweza kufufuliwa kwa zana za kukarabati video, zikiwa zimekosa sehemu ndogo ya mwanzo. Kazi nyingine zilipatikana katika barua pepe na WhatsApp, ambako kijana alikuwa akiwatumia wateja sampuli ili wazikubali kabla ya kuprinti. Hizo za WhatsApp nyingi zilikuwa picha, na picha ya kadi huwezi kuibadilisha jina la bibi harusi bila kuisanifu upya, lakini zilitosha kuwa kielelezo. Mwenye duka hakulipa fidia. Sikumshauri alipe, na kwa kiwango cha wakati huo dola 980 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2, fedha ambazo hata hivyo hakuwa nazo mkononi.

Mafaili ndiyo yaliyomliza mwenye duka, lakini kwa maoni yangu hayakuwa hasara kubwa zaidi. Ukoo wa STOP mara nyingi uliambatana na programu nyingine za wizi, kama Azorult na Vidar, ambazo hukusanya nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari na kuzituma kwa mhalifu. Sasa tufikirie ni nywila za nani zinazohifadhiwa katika kivinjari cha steshenari iliyo jirani na chuo. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofika, wanafunzi hupanga foleni ili wajaziwe fomu za HESLB, wahakikiwe vyeti vya kuzaliwa RITA, wafunguliwe barua pepe mpya kwa sababu mfumo unaitaka, na walioajiriwa au wanaotafuta ajira hujaziwa akaunti za tovuti ya ajira serikalini. Kivinjari huuliza kila mara kama kihifadhi nywila, na mkono wenye haraka hubofya "Hifadhi" ili dirisha liondoke. Wengi huachiwa nywila rahisi inayofanana kwa kila mtu, au kijana ndiye anayeitunza kwa ajili yao kwenye daftari. Kazi nyingi za namna hiyo zilifanywa kwenye kompyuta ya mbele, lakini foleni ikizidi, ya nyuma nayo ilitumika, na nilipofungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa humo nilikuta anwani za watu ambao hata kijana hakuwakumbuka tena.

Watu hao hawakuchagua antivairasi wala hawakubofya kraki. Kitaalamu ilibidi tuchukulie kwamba kila nywila iliyokuwa humo imeibwa, na kazi ya siku zilizofuata ikawa ni kuwapigia simu waliofahamika ili wabadilishe nywila zao kwa kutumia kifaa kingine, kwanza za barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe ya mtu anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Leo jambo hilo lina uzito wa kisheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na haisemi kwamba biashara ikiwa ndogo imesamehewa.

Turudi basi kwenye swali la mama. Angekuwa na antivairasi ya kulipia, matokeo yangekuwa tofauti? Huenda ingezimwa vilevile, kwa kuwa maelekezo ya kraki hayakutaja jina la antivairasi yoyote; yalisema zima uliyonayo. Defender ilifanya kazi iliyotengenezewa: ilitambua, ikatenga na ikaonya. Bidhaa ya kulipia inaweza kuongeza mambo yenye thamani, kwa mfano kufunga mipangilio kwa nywila ili anayetumia mashine asiweze kuizima, na kwa duka lenye wafanyakazi hiyo ndiyo sifa ambayo ningeitazama kwanza kabla ya rangi ya boksi. Ila pia antivairasi ni programu inayoona kila kitu unachokifanya, na kuaminiwa kwake si jambo la kuchukuliwa kirahisi. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni ya antivairasi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Kitu cha bure kikija kwa hiari yake na kuomba kuona kila ukurasa unaoufungua, ni haki kujiuliza kinaishi kwa kula nini.

Hoja ya fundi nayo ina nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ni ya hatari. Umakini haukuwa na la kufanya tarehe 12 Mei 2017, programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilipozipiga kompyuta za Windows katika nchi nyingi bila mtu kubofya chochote, ikiingia kwa kupitia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuuziba kwa sasisho la tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Nchini Uingereza angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya za England ziliathirika. Mtumishi makini kuliko wote katika hospitali hizo hakuwa na kitufe cha kukataa. Kwa duka la Morogoro, ambalo lilikuwa limeitambulisha intaneti yake kwa Windows kama ya kipimo (metered) ili masasisho ya Windows yasimeze bando, fundi aliyesisitiza umakini peke yake alikuwa akiacha mlango huo wazi.

Hata pale umakini unapofaa, kisa hiki kinaonyesha unavyovunjika. Kijana hakuwa mzembe. Umakini wake ulijengwa na hatari moja aliyoikabili kila siku, ile ya flashi, na haukuhamia kwenye kraki, ambayo kwake ilikuwa ni zana ya kazi kama mkasi na gundi. Kwenye flashi kitu kigeni kilikuwa ni cha mteja, na cha mteja hushukiwa. Kraki aliitafuta mwenyewe, akaisubiri ishuke, na akawa na haja nayo. Mtu huwa mwepesi kumwamini anayempa anachokihitaji. Aliyeandika yale maelekezo ya kuzima antivairasi alilijua hilo vizuri, na alikuwa ameandika jibu la onyo kabla onyo halijatokea. Ukiongeza kianzio kilichokwisha kulipwa na ahadi ya kesho asubuhi, sioni ni mafunzo gani ya umakini yangeushinda usiku ule.

Jambo ambalo wote wawili, mama na fundi, hawakuligusa ni kwamba kijana aliingia kwenye kompyuta ile kwa akaunti ya msimamizi. Akaunti hiyo ndiyo iliyomwezesha kuizima Defender na kuiruhusu programu ngeni ifanye mabadiliko. Angekuwa na akaunti ya kawaida, Windows ingemdai nywila ya mama katika hatua zote mbili, na ingebidi ampigie simu. Sidai kwamba mama angekataa. Huenda angeitaja nywila kwa simu bila kuuliza maswali, na virusi wa kufunga mafaili wanaweza kufanya kazi hata kwa akaunti ya kawaida wakishapata kuamshwa, ilhali Defender ikiwa hai wasingeamshwa kirahisi. Lakini uamuzi ungekuwa umepita kwa mtu wa pili ambaye hakuwa na mteja mbele yake, na hilo ni jambo ambalo antivairasi haiuzi na umakini wa mtu mmoja hauwezi kulitoa. La pili ni ile diski. Nakala rudufu iliyochomekwa daima ni nakala ya kujikinga na diski kufa tu. Haikingi chochote dhidi ya kinachotokea ndani ya kompyuta yenyewe.

Mashine ya nyuma ilifutwa kabisa na kusakinishwa upya, kwa kuwa baada ya kuruhusu programu isiyojulikana ifanye itakalo hakuna skani inayoweza kukuhakikishia kwamba hakuna kilichobaki. Antivairasi haikununuliwa. Fedha aliyokuwa ameitenga kwa ajili hiyo ilinunua diski ya pili ya nje, na sasa diski mbili zinapokezana: moja iko dukani kwa saa ambazo nakala inachukuliwa, nyingine iko nyumbani kwa mama kabatini. Akaunti ya msimamizi ina nywila anayoijua yeye peke yake. Kivinjari kimezimiwa uwezo wa kuhifadhi nywila, na wateja wanaojaza maombi huandikiwa nywila zao kwenye karatasi wanayoondoka nayo, jambo ambalo wapo waliolilalamikia kwa sababu karatasi hupotea na wao hurudi. Ndani ya Defender tuliwasha kinga ya mafolda, ambayo Microsoft iliileta katika Windows 10 mwaka 2017 lakini huiacha ikiwa imezimwa. Inazuia programu isiyotambulika kubadilisha mafaili yaliyo katika mafolda uliyoyataja. Ilisumbua kwa siku za mwanzo, kwani ilikataa hata programu halali za usanifu hadi zilipoorodheshwa moja baada ya nyingine.

Kwa habari ya faili lililoanzisha yote, mteja alipigiwa simu kesho yake na kuombwa amwambie aliyelisanifu alihifadhi upya. CorelDRAW humruhusu mtu kuhifadhi kazi yake katika toleo la zamani, kwa kuchagua namba ya toleo kwenye dirisha la kuhifadhia. Faili lilirudi kwa barua pepe kabla ya saa sita mchana, likafunguka kwenye kompyuta ya mbele, na bango likaprintiwa.